Mkufu wa Maganda ya Korosho

Ukitaka kumjua Mama Katekista, iguse meza yake. Watu wengi walimjua kwa njia hiyo, na sikumwona aliyerudia. Ilikuwa meza ya kulia chakula, kubwa, ya mninga, lakini katika miaka yote niliyokaa jirani naye hapa Masasi sikuwahi kuona sahani juu yake. Yeye na wageni wake walikula mkekani. Mezani palikaa makopo ya maziwa ya unga, vifuniko vya ndoo na trei za mayai, na ndani yake kila kitu ambacho sisi wengine hukitupa: vifungo vya mashati, meno ya zipu, waya wa shaba kutoka kwenye mota zilizoungua, kokwa za ukwaju, vipande vya mpingo walivyobakiza wachonga vinyago, mapande ya kanga, na bomba la maji lililokatwa kwa msumeno liwe bangili. Siku yangu ya kwanza niliinua kopo moja nione kilichomo. "Mama Zuhura," aliniambia, wala hakupandisha sauti, "mimi nikija kwako nafunua sufuria?" Nikalirudisha. Akalisogeza kidogo kushoto, ndipo akaendelea na kazi.

Jina lilitokana na mumewe, ambaye alikuwa katekista na alifariki kabla mimi sijahamia. Mama Katekista mwenyewe alikuwa Mmakua, Mwanglikana wa ukoo wa kanisa. Mimi ni Mmakonde wa Newala, Mwislamu, niliyeshushwa Masasi na ndoa. Kwa hiyo utani ulikuwa halali yetu, na tuliutumia kweli kweli. "Ninyi Wamakonde mkiona gogo mnalichonga," alikuwa akisema, "mkikosa gogo mnamchonga jirani." Nami nilimjibu kwamba Wamakua wakisikia kengele ya kanisa hudhani wanaitiwa chakula. Alicheka kwa pua tu, maana mdomoni kila wakati palikuwa na sindano au kipande cha uzi wa nailoni.

Hakuwa mtu mwepesi. Nasema hivi mapema kwa sababu wanaomsifu leo wanamfanya bibi mpole wa kugawa pipi. Alikuwa mkali, na ukali wake ulitoka kwenye hofu. Kitu kikiondoka mkononi mwake kikaenda kwenye mwili wa mtu, alianza kuteseka. Mara moja alimaliza bangili ya waya wa shaba, akampa mwanamke wa Lisekese, mwanamke akaondoka nayo. Baada ya chakula cha mchana Mama Katekista akasimama ghafla. Alikuwa hana hakika kama ncha ya ule waya aliilainisha kwa tupa. Nilimwambia atume salamu kwa mtu wa bodaboda. Hakunisikia, alishajifunga kanga. Alimkuta yule mwanamke kwenye matanga, amekaa na waombolezaji, akamshika mkono na kumvua bangili mbele ya watu wote bila hata kutoa pole kwanza. Ncha ilikuwa imepitishwa tupa vizuri tu. Aliipitisha tena, akamvisha, ndipo akakumbuka kutoa pole.

"Shingo haiuzwi dukani," alikuwa akisema. Wakati mwingine ilikuwa sikio, wakati mwingine kidole, kutegemea kazi iliyokuwa mezani.

Wateja aliwachagua yeye, wao hawakumchagua. Msichana mmoja alitaka hereni ndefu za kokwa za ukwaju, zile alizozisugua mpaka zikang'aa kama zimepakwa samli. Mama Katekista akamgeuza uso huku na huku, akakataa. "Hizi zitakuzidi. Zitaonekana zenyewe, wewe hutaonekana." Msichana akatoka amenuna, akarudi siku nyingine na mama yake, wakajibiwa vilevile. Nilipomwambia biashara haifanywi hivyo, alinipa methali: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nikamwuliza, na kinachofukuza wateja je? Akatema uzi uliokuwa mdomoni ili acheke vizuri.

Na alikuwa na ujanja wake. Baada ya uchaguzi alizunguka mjini na kisu, akibandua mabango ya wagombea ukutani. Aliyakata pembetatu nyembamba, akaviringisha kila moja kwenye spoku ya baiskeli, akapaka gundi, halafu rangi ya kucha isiyo na rangi. Zikatoka shanga nzuri, za kijani, za bluu, za manjano, na hapa na pale kipande cha jicho au cha tai. Mke wa mkubwa mmoja wa chama alinunua mkufu wa shanga hizo na kwenda nao mkutanoni. Alikuwa amemvaa mgombea wao na mpinzani wake, wamepangwa kwa zamu, na hakujua. Mama Katekista alinisimulia jambo hilo bila kucheka hata kidogo, na mimi nililala chini kwenye mkeka kwa kicheko.

Mwenyewe hakuvaa kitu. Masikio yake yalikuwa na matundu, lakini matupu. Shingoni palikuwa na kola ya gauni, basi. Nilimwuliza sababu mara nyingi na kila mara nilipata jibu jipya: pambo linamkera akifanya kazi, mpishi hali akiwa jikoni, uzee hauhitaji kutangazwa. Siku moja tu alisema jambo ambalo naliamini. Mumewe alifundisha kanisani kwamba mapambo ya mwili ni majivuno, alilifundisha jambo hilo kwa nguvu, na Jumatatu jioni mtu huyohuyo alikaa kwenye ile meza akimtobolea kokwa kwa spoku iliyotiwa moto. "Alisema ninaweza kutengeneza, nisivae," aliniambia. "Nikamkubalia, maana ningemkatalia asingetoboa." Alikufa, na yeye akaendelea kutovaa. Nilimwambia huo si mkataba, ni uonevu. Akasema Wamakonde hatujui kuagana.

Sasa niseme habari ya korosho, kwa maana bila hiyo simulizi hii haina kichwa.

Mtu wa huku hahitaji kufundishwa kwamba ganda la korosho lina mafuta makali. Tulipokuwa shule tuliyatumia kuandika majina yetu mkononi: unavunja ganda bichi, unachora herufi, unauma meno, kesho ngozi imeungua na jina limebaki. Wanawake wanaobangua korosho hupaka majivu mikononi wasibabuke. Lakini ganda likichomwa sawasawa kwenye bati juu ya moto, mafuta yanawaka na kuisha, na kinachobaki ni kitu kikavu, chepesi, cheusi, chenye vishimo vidogo ndani ambavyo hutavikuta kwenye mbegu nyingine. Mama Katekista aliona uzuri huo kabla ya mtu yeyote. Aliyachemsha maganda hayo kwenye maji ya majivu, akayaanika, akayasugua kwa kitambaa na mafuta ya nazi, akayatoboa na kuyatunga pamoja na shaba na mpingo. Watu waliotoka mbali walidhani ni jiwe.

Maganda yake yalitoka sehemu moja tu, kwa mwanamke wa Nanganga aliyekaanga korosho kando ya barabara. Hakuchukua kwa mwingine. Na kila alipotunga mkufu aliufunga kwanza kwenye mkono wake mwenyewe, upande wa ndani ambako ngozi ni laini, akashinda nao kutwa akipika na kufua. Upande huo wa mkono wake ulikuwa na mabaka, maana zamani, alipokuwa akijifunza, alijiunguza sana. Alikuwa hauonei aibu. Ukiutazama, aliugeuza uutazame vizuri.

Mwaka ambao Zuhura wangu aliposwa, niliweka sharti moja kwa watu wote: mapambo yatatoka kwa Mama Katekista. Harusi ilikuwa Newala, nyumbani kwa kaka yangu mkubwa, baada ya mauzo ya korosho, wakati ambapo watu wana nafasi na moyo. Tulitaka mkufu mmoja mkubwa wa bibi harusi na mingine midogo ya kufanana kwa mashangazi wa pande zote mbili. Mama Katekista alimpenda Zuhura kwa namna yake, yaani alimgombeza zaidi ya watoto wengine. Alikubali kabla sijamaliza kusema.

Mwaka huo mvua iliwahi. Kuni zililowa, na mwanamke wa Nanganga akaugua mgongo. Maganda yaliyopatikana kwake hayakutosha hata nusu ya kazi. Nyuma ya kiwanda kimoja cha kubangulia korosho palikuwa na lundo la maganda ambalo watu walijichotea kwa ajili ya kuni, na maganda hayo yalikuwa yamekatwa katikati kwa mashine, safi, sawa kwa sawa, bila ufa. Mama Katekista alikwenda akajaza kapu. Alijua kiwandani hawachomi, wanapika korosho kwa mvuke. Alichofikiri ni kwamba mvuke nao ni moto, na kwamba maji yake ya majivu yangemaliza kilichobaki. Aliyachemsha kuliko kawaida, akayachanganya na yale ya Nanganga. Macho yake nayo yalikuwa yameanza kuingia mtoto wa jicho, ingawa hakumwambia mtu. Kwa haraka ya harusi alijaribu mkufu mmoja tu mkononi, na kwa bahati mbaya ulikuwa ule wa kwanza, wa maganda ya Nanganga matupu. Ulishinda salama. Uzuri wa mkakasi, wanasema, ukipata maji basi, na maganda ya kiwandani yalikuwa mkakasi hasa.

Tulipanda gari ya asubuhi, mimi na yeye, boksi la mikufu likiwa mapajani mwake. Hakukubali liwekwe nyuma. Njiani kupanda uwanda wa juu wa Newala alilifungua, akatoa kitambaa chenye mafuta ya nazi, akaanza kuyasugua maganda moja moja yapate kung'aa. Mimi nilikuwa nazungumza kwa simu, harusi ikiwa imeshanipanda kichwani. Tulipofika Newala upepo wa juu ulitupokea, wanawake walitupokea kwa vigelegele, na boksi likachukuliwa ndani kabla hatujanawa uso.

Mchana Zuhura alikaa katikati ya chumba, amepakwa hina, mkufu mkubwa shingoni. Chumba kilijaa. Shangazi wa bwana harusi, mwanamke mnene wa maneno makubwa, alishavaa wake na alikuwa akijitazama kwenye simu. Nilitupa jicho kwenye kona alikokaa Mama Katekista nimwonyeshe kwa kichwa kwamba kazi imependeza. Alikuwa akinusa vidole vyake, vile alivyosugulia maganda garini. Alivinusa, akavisugua pamoja, akavitazama karibu kabisa na macho. Halafu akanitazama mimi.

Akasimama. "Vueni," alisema.

Hakuna aliyesikia kwa sababu ya nyimbo. Akasema tena kwa nguvu, "Vueni mikufu, wote. Imeharibika." Ngoma ikanyamaza.

"Huyu ntu ana nini?" aliuliza shangazi wa bwana harusi. "Bibi harusi anavuliwa pambo? Hiyo si nuksi?"

"Ni nuksi," wakaitikia wengine.

Niseme wazi kilichonipata. Nilikasirika. Watu wa bwana harusi walikuwa wamejaa chumba kile, na mgeni niliyekuja naye mimi, niliyemsifu mimi, alikuwa akimharibia mwanangu siku yake. Nikadhani ni ile hofu yake ya siku zote, ile ya bangili ya Lisekese. "Mama Katekista, kaa, tafadhali," nilimwambia. "Tutazungumza baadaye."

"Baadaye ngozi itakuwa imeondoka," alijibu, akaanza kuvuka miguu ya watu.

Sikumzuia. Nilitaka, lakini mikono haikunyanyuka. Alimfikia Zuhura, akajaribu kifungo cha mkufu, vidole vikateleza kwa mafuta. Basi akachukua mkasi wa kukatia uzi uliokuwa kwenye mkoba wake, akaupitisha chini ya mkufu na kukata. Maganda na shaba vikamwagika juu ya mkeka. Mwanamke mmoja akapiga yowe. Kumkatia bibi harusi uzi shingoni, mbele ya wakwe, sijawahi kusikia kukifanywa mahali popote kabla ya siku hiyo. Zuhura hakulia. Alinyanyua kidevu, akamwacha amwoshe shingo kwa sabuni ya kipande na maji ya ndoo, maji ambayo Newala hayachezewi.

Wengine walivua, kwa hasira lakini walivua. Shangazi wa bwana harusi alikataa. Alisema yeye havuliwi nguo na mtu wa Masasi, akaenda kwenye ndoa na mkufu wake, akala nao, akacheza nao mpaka jasho likamtoka. Ndoa ilifungwa. Asubuhi yake shingo ya shangazi ilikuwa imevimba, malengelenge yamezunguka kama kola. Zuhura alibaki na alama ndogo upande mmoja, chini ya sikio.

Kabla ya chai neno lilikuwa limeshazunguka: dawa. Yule mwanamke aliwatia watu dawa. Aliukata uzi kuivunja ndoa, na aliyegoma kumtii ndiye aliyeadhibiwa. Ukilisikiliza, lilikuwa na mantiki yake, na ndiyo iliyonitisha. Mjomba wa bwana harusi alitaka watu wakutane uani kwa kaka yangu. Nilimkimbilia Mama Katekista chumbani. Nilimkuta anakunja kanga.

"Panda gari," nilimwambia. "Ipo stendi sasa hivi. Nitawaambia umeugua ghafla."

"Sijaugua."

"Mama Katekista, watakuita mchawi. Unaelewa? Neno hilo likikushika huku halikuachii."

"Naelewa kuliko wewe." Alinipita akatoka uani, nami nikamfuata.

Wazee walikaa kwenye viti, wanawake ukutani. Mjomba hakuwa mtu mbaya, alitaka tu jambo liishe. "Mama," alisema, "sema mbele za watu. Ulitia nini?"

"Sikutia kitu. Nilishindwa kukitoa kilichokuwamo. Maganda haya ni ya kiwandani, hayakupita kwenye moto. Nilidhani nimeyaweza, sikuyaweza. Kosa ni langu, na macho yangu nayo hayaoni vizuri."

Kaka yangu akamtupia kamba. Alisema pengine mtu alimuuzia maganda mabaya, pengine alidanganywa. Ilikuwa njia nzuri ya kutokea, na kila mtu pale uani aliiona. Mama Katekista akatikisa kichwa. "Nilijichotea mwenyewe."

"Kosa gani linachagua?" aliuliza shangazi kutoka ukutani, kanga imezungushwa shingoni. "Mbona mimi tu?"

Mama Katekista akavuta mkoba wake. Aliinama, akatoa humo ganda moja la kiwandani ambalo halikuwa limetobolewa, akaliweka juu ya jiwe, akaligonga kwa jiwe jingine. Akalikamua na kulifuta shavuni mwake. Shavuni, si mkononi. Halafu akaomba kiti, akaketi juani mbele yao.

"Kama ni uchawi, basi na mimi nimejiroga," alisema. "Tusubiri."

Tukasubiri. Sijawahi kukaa mahali pagumu namna ile. Wazee walianza kuzungumza habari nyingine, wakashindwa. Nilitaka kwenda kumfuta, nilikuwa na kitambaa mkononi, na kila nilipojiinua alinitazama nikakaa. Shavu likawa jekundu, halafu likaanza kung'aa na kuvuta. Jicho la upande huo likatoa machozi yenyewe. Hakuligusa. Mjomba ndiye aliyeshindwa kwanza. "Basi, mama. Basi. Mleteeni maji."

"Nisikilizeni kwanza," alisema. "Mkisema ni uchawi, mimi nitaondoka na uchawi wangu, na kesho mwanamke mwingine atachota lile lundo amtungie mwanawe. Semeni ni maganda. Niiteni mjinga, niiteni kipofu, lakini semeni ni maganda ya kiwandani."

Walioamini waliamini. Mjomba aliamini, na ndoa ya Zuhura ilisimama. Shangazi hakuamini, wala hajaamini mpaka leo, na mdomo wake una safari ndefu. Tuliporudi Masasi habari ilikuwa imetutangulia, na yenyewe ilikuja na toleo la shangazi. Wateja wa Mama Katekista hawakugombana naye. Waliacha tu kupita. Kanisani aliendelea kukaa benchi lake la siku zote, na nafasi pembeni yake ilikuwa pana kuliko zamani. Yeye hakulalamika, jambo lililoniumiza zaidi, maana ukali wake nilikuwa nimeuzoea na sasa alinyamaza. Siku moja niliingia kwake nikakuta sahani mezani, na bakuli la mboga, na glasi. Makopo yalikuwa chini ya kitanda. Nilikula pale mezani pamoja naye.

Lakini jambo moja lilienda alivyotaka. Wanawake wa Nanganga, wa Lisekese, hata wa juu uwandani, wanaotengeneza hereni za ganda siku hizi, na ni wengi, hawagusi lundo la kiwanda. Ukiwauliza sababu watakwambia lile huwa linababua. Wachache wanajua walijuaje.

Nilimwona akitunga tena mara moja tu. Zuhura alishuka kutoka Newala na binti yake mchanga, na kabla hajanisalimu vizuri akasema tuvuke kwa Mama Katekista. Mama Katekista alikuwa ameshatibiwa jicho moja, jingine limeachwa. Shavuni palikuwa na baka jeusi.

"Shikamoo, bibi. Nimekuletea kazi."

"Marahaba, mwanangu. Sina kazi mimi."

Zuhura akatoa kwenye kanga kipakti cha shanga ndogo nyeupe, zile ambazo mtoto mchanga hufungwa kiunoni tuone anavyonenepa. "Mtungie huyu."

"Nenda sokoni. Zipo zilizotungwa tayari, hazina kosa." Alisema haraka, na mikono akaificha kwenye mapaja.

"Sikuja sokoni, bibi."

Mimi nilisimama mlangoni na moyo wangu ulikataa. Nausema kama ulivyokuwa. Nilimpenda yule mwanamke, niliona kwa macho yangu alivyojiunguza, na bado nilipoona mjukuu wangu akilazwa uchi mapajani mwake nilitaka kuruka nimchukue. Zilikuwa shanga za kioo tu, hazina mafuta wala moto, nazo zilinitisha vilevile. Mtoto alijinyoosha, akamshika kidole. Mama Katekista hakusogea.

"Mama Zuhura," aliniita, bila kunyanyua uso. "Unaogopa?"

Ningeweza kumtania. Neno lilikuwepo ulimini. "Naogopa," nikamwambia.

"Vizuri. Mimi pia naogopa." Akapapasa kuutafuta uzi, akaukuta, akaulamba ncha. "Basi lete kigoda, ukae hapa karibu, uniangalie mkono. Ukiona nakosea, usinionee haya."

Nikaleta kigoda, nikakaa, nikamwangalia mkono mpaka shanga ya mwisho.